Kuku watoke jikoni

Goma, Jumapili jioni

Mama Neema mpenzi,

Salamu nyingi sana kwako, kwa Papa Neema, kwa watoto wote na kwa bibi wa Bagira. Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Habari za mji sitaandika, zote zinawafikia. Makala ya kupikia yamepanda bei tena, maji tunabeba kwa bidoni kama kawaida, watoto wanasoma. Ni zamani hatujaandikiana, na simu yako kila nikipiga naambiwa haipatikani. Leo Mama Esther amepita kuniaga, anapanda boti ya kesho asubuhi kuja huko Bukavu, nikamwomba aningojee niandike.

Kilichonikalisha chini ni maneno yake juu ya mtoto. Alisema kitindamimba wako anajikuna usiku kucha, ana vipele vyekundu shingoni na mikononi, mmempaka dawa ya upele na haijasaidia. Tukapita kwenye harusi ya yule binti wa mtaa wa Panzi (hiyo utanieleza wewe vizuri, maana Mama Esther alianza akaacha), ndipo akataja kwamba hata kuku wako si wazima: wamekonda, vilemba vyao vimepauka, na tetea aliyekuwa anaatamia ameacha mayai yakapoa. Halafu, amesimama tayari kutoka, akasema kuku wanalala jikoni nyuma ya ubao, na upande wa pili wa ubao huo ndipo kilipo kitanda cha mtoto.

Dada yangu, hizo habari zote ni habari moja. Nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla Papa Neema hajafungua ile chupa ya dawa ya mashamba.

Mnao utitiri, karibu naweza kuapa. Ni kadudu kadogo kama punje ya chumvi, ka kijivu kakiwa na njaa, kekundu kakishashiba damu. Mchana wote kanajificha kwenye nyufa za mbao, chini ya maganda ya miti, ndani ya viota. Giza likiingia kanatoka, kanampanda kuku aliyelala, kananyonya, kisha kanarudi mafichoni kabla hakujakucha. Ndiyo sababu ukimkamata kuku mchana na kumpekua manyoya huoni kitu, na watu wanaanza kusema ni jicho la jirani. Tetea anayeatamia ndiye anayeumia kuliko wote, kwa sababu amekaa palepale usiku na mchana. Anafika mahali anaona afadhali ayaache mayai. Na utitiri ukizidi, unatafuta damu nyingine iliyo karibu. Mtoto wako amelala karibu. Kwa mtu haukai, unauma na kuondoka, kwa hiyo mnapaka dawa kwenye ngozi wakati mdudu yuko ndani ya ubao.

Sisemi msimpeleke mtoto kwa daktari. Mpelekeni kituo cha afya, lakini mkifika mwambieni muuguzi waziwazi kwamba kuku wanalala ukuta mmoja na mtoto. Asipoambiwa hatajua kuuliza.

Kuhakikisha ni rahisi, wala hakuna pesa inayotoka. Ngoja usiku uingie vizuri, saa tatu au saa nne, chukua tochi na kitambaa cheupe. Pitisha kitambaa chini ya mti wanaolalia, hasa pale ncha zake zinapogusa ukuta, na kwenye pembe za viota. Kikitoka na michirizi ya damu, umewapata. Angalia na nyufa za ubao kwa tochi: utaona kama vumbi la kijivu linalotembea.

Usiuchanganye na chawa wa kuku. Chawa anaishi juu ya kuku maisha yake yote. Ukifunua manyoya karibu na sehemu ya kutagia utamwona mchana kweupe anakimbia, na mayai yake meupe yamegandamana kwenye mashina ya manyoya. Huyo unamtibu juu ya kuku mwenyewe, na unarudia baada ya siku 7 hadi 10 kwa sababu mayai hayafi kwa dawa ya kwanza, yanaangua baadaye. Utitiri ni kinyume chake. Ukimpaka kuku dawa mara mia na nyumba ukaiacha, unajichosha. Tibu nyumba, Mama Neema. Nalirudia kwa sababu kila mtu ninayemwambia ananiitikia halafu anakwenda kununua dawa ya kuku.

Huku kwetu tumejifunza vita hii kwa lazima. Nyumba ni za mbao, uzio ni wa mawe ya volkano, kila upande ni matundu. Na maji si ya kuchezea, hakuna wa kumwaga bidoni kumi akiosha banda. Kwa hiyo tunasafisha kavu. Tunatoa kila kitu nje, viota, miti ya kulalia, matandiko yote, tunakwangua kinyesi kwa jembe dogo na kufagia mpaka pembeni. Nyasi za viota zinachomwa siku hiyohiyo. Ukizitupa nyuma ya nyumba, wadudu wanarudi kwa miguu yao. Maji machache yaliyopo yanachemshwa sana na kumwagwa ndani ya nyufa tu, taratibu, birika kwa birika. Ukuta ukishakauka unapakwa chokaa, nene, ikaingie kwenye nyufa, na kuku hawarudi ndani mpaka imekauka kabisa, maana chokaa mbichi inachoma miguu na macho. Nyufa kubwa unaziziba kwa udongo. Ninyi Bukavu udongo mzuri wa mfinyanzi mnao bure, huku tunautafuta kwa mwenge.

Halafu miti ya kulalia. Kama ni mikaratusi yenye maganda, menya maganda yote, maana ndiyo nyumba ya utitiri. Miti isiguse ukuta. Isimamishe kwenye miguu yake, na kila mguu uuweke ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, mdudu akitaka kupanda afie humo. Na unaweza kuutega: kipande cha karatasi ngumu ya katoni, ile yenye mikunjo ndani, kifunge chini ya mti wa kulalia. Kukicha utitiri unaingia kwenye mikunjo kujificha. Unakitoa mchana, unakitupa motoni, unafunga kingine.

Jirani yangu mmoja aliwahamisha kuku wote kwa mwezi mzima akiamini wadudu watakufa njaa. Hawakufa. Utitiri unaweza kukaa miezi mingi bila damu, ukingojea. Na kuku wakiwepo, kwenye joto, yai linakuwa mdudu mzima wa kutaga kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo kazi ya Jumamosi moja haitoshi. Rudia kila wiki, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe usiku.

Sasa ile chupa. Mama Esther anasema Papa Neema aliinunua sokoni, haina karatasi wala jina, muuzaji alimwambia "hii inaua kila kitu". Hilo ndilo linaloniogopesha. Dawa nyingi za mashamba zinazouzwa kwa vichupa vya kugawanya ni sumu za mishipa ya fahamu. Ukimwagia kuku, inapita kwenye ngozi, inaingia kwenye mayai, na mayai wanakula watoto. Ukiipulizia jikoni, inatua kwenye sufuria na kwenye ubao wa mtoto. Mwambie Papa Neema kwa heshima zote kwamba shemeji yake amemsihi asiifungue. Dawa ya kununua iwe ile ya farmasi ya wanyama, iliyoandikwa kwamba ni ya kuku, imeandikwa na siku ngapi mayai yasiliwe. Kama hilo halikuandikwa, rudisha.

Badala yake nimempa Mama Esther pakiti ya unga wa pareto, yale maua meupe yanayolimwa huku milimani. Unaua utitiri, chawa na viroboto, na haudumu kwenye mwanga, kwa hiyo nyunyiza jioni, kwenye nyufa na chini ya matandiko ya viota. Funika chakula kwanza, funga kitambaa puani, mtoto awe nje. Vyombo utakavyotumia usivioshee ziwani wala kwenye mto, samaki wanakufa nao. Majivu ya makala pia yanasaidia: changanya na udongo mkavu, weka kwenye beseni pana mahali pasiponyeshewa, kuku watajiogea wenyewe. Ila yawe majivu safi, yasiwe ya moto uliochoma mifuko ya plastiki.

Lakini yote haya ni bure wakibaki jikoni. Najua kwa nini wako humo, nami silaumu. Kuku akilala nje asubuhi unaokota manyoya. Wezi wapo kwenu, wapo kwetu. Sisi tumejenga kibanda kidogo kimesimama karibu na dirisha la chumba chetu, hakigusani na ukuta, kimenyanyuliwa kwa miguu, mlango una kufuli na kopo tupu zimefungwa juu yake. Mtu akigusa tunasikia. Mlango unatazama dirisha letu, hautazami njia. Ongea na Papa Josué, ni fundi na hatakunyima mbao za kukatia. Mwambie aache nafasi ndogo kadiri awezavyo kati ya ubao na ubao, na sakafu iwe na upenyo wa kinyesi kuanguka chini.

Kwenu kwenye kilima kuna jambo ambalo huku hatunalo. Huku mvua inazama kwenye mawe, dakika chache na pamekauka. Udongo wenu unashika maji. Chimbeni mfereji upande wa juu wa banda ili maji ya mvua yapite pembeni, na matandiko yawe maranda makavu ya mafundi mbao, yageuzwe, na yaliyolowa yatolewe siku hiyohiyo. Kwenye unyevu vifaranga, hasa wa wiki 3 hadi 6, wanapata kuhara damu, na huo si utitiri hata kidogo. Ukiona damu kwenye kinyesi, wahi kwa veterineri akupe dawa iitwayo amprolium ya kutia katika maji, na ukaushe banda. Kinyesi kikavu usikitupe. Kirundike, kipumzike miezi kadhaa, kisha tia kwenye lengalenga zako, mchicha ule. Kibichi kinaunguza mimea.

Na chanjo, haraka tu: ule ugonjwa unaofagia kuku wa kwartie nzima, mtaa mzima, Newcastle, wengine wanauita kideri, hauna dawa kabisa. Ni tone la chanjo jichoni, kwa kuku wazima tu, na linarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Wale wako waliokonda wangoje wapone kwanza. Na kuku mpya wa sokoni, hata akipendeza namna gani, akae peke yake wiki 2. Huenda utitiri wenyewe uliingia hivyo, na yule jogoo wa Noeli ambaye... basi, hilo tutaongea tukionana.

Sasa nijibu, tafadhali, usinyamaze tena. Mtoto anaendeleaje, na vipele vyake viko upande wa ubao tu au mwili mzima? Watoto wengine wanajikuna? Na wewe mwenyewe, ukikusanya mayai huhisi kitu kinatembea mkononi? Kitambaa kilitoka na damu? Kuku mna wangapi sasa, na yule tetea mweusi wa mama bado yupo? Papa Neema amekubali kuhusu chupa, au nimtumie ujumbe mwenyewe? Simu yako imeharibika au umebadilisha namba? Mnahitaji misumari? Huku inapatikana kwa bei nafuu kidogo, naweza kutuma na boti ya Alhamisi. Na ile harusi ya Panzi, ni kweli wamerudisha mahari?

Mbusu mtoto. Leo usiku mlaze chumbani kwenu, mbali na ule ubao.

Wako daima,
Mama Gloire