Mahakama ya Cartago isisahauliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisahihishe jambo moja. Makala yenu ya wiki iliyopita ilisema nchi zilianza kuwa na mahakama ya kudumu ya kushtakiana The Hague, mwaka 1922. Mwanafunzi wangu wa zamani aliniletea gazeti hilo, sentensi hiyo ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, maana darasani nilimfundisha vingine.

Tarehe 25 Mei 1908, miaka 14 kabla ya hapo, Mahakama ya Haki ya Amerika ya Kati ilifunguliwa mjini Cartago, Costa Rica. Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica, majirani waliochoshwa na vita na mapinduzi, walikuwa wametia saini mkataba wake Washington, Desemba 1907. Kila nchi ilitoa jaji mmoja. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamekwisha kata shauri la kwanza. Mwaka 1910 tetemeko la ardhi likaibomoa Cartago, pamoja na jengo ambalo tajiri Andrew Carnegie alikuwa ameligharimia. Majaji wakahamia San José, kazi ikaendelea.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mkataba ule ulimruhusu raia wa nchi moja kuishtaki serikali ya nchi nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague, iliyoirithi ile ya 1922, mpaka leo husikiliza kesi za nchi tu. Sisi wa Afrika Mashariki tumeupata mlango huo Arusha, kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, karibu karne moja baadaye. Ni kweli, raia watano waliojaribu walishindwa wote. Wa kwanza, Mnicaragua aliyeishtaki Guatemala, aliambiwa hakuwa amemaliza kwanza mahakama za huko. Lakini alisikilizwa akajibiwa, na kwa mtu mmoja mbele ya dola, hilo si dogo.

Makala yenu iligusia pia kwamba mahakama za kikanda "hufa zenyewe". Hii haikufa yenyewe. Mwaka 1914 Nicaragua iliiuzia Marekani, kwa dola milioni 3, haki ya kuchimba mfereji katika ardhi yake, na kuipa nafasi ya kujenga kituo cha jeshi la majini katika Ghuba ya Fonseca, inayopakana pia na El Salvador na Honduras, kwa miaka 99. Costa Rica na El Salvador zikashtaki. Majaji wakaamua, mwaka 1916 na tena Machi 1917, kwamba Nicaragua imevunja haki za jirani zake. Mkataba wenyewe wa mfereji hawakuufuta, kwa kuwa Marekani haikuwa chini ya mamlaka yao. Nicaragua ikakataa hukumu zote mbili na kujitoa. Marekani, ambayo ndiyo iliyoukaribisha mkutano wa 1907, haikuitetea mahakama. Mwaka 1918 milango ikafungwa.

Jengo la San José bado lipo. Wenyeji huliita Nyumba ya Manjano, na ndani yake sasa imo Wizara ya Mambo ya Nje ya Costa Rica. Ile hukumu ya 1917 nayo haikuoza: mwaka 1992 majaji wa The Hague, wakiamua mgogoro wa El Salvador na Honduras, waliirejea, wakashikilia kwamba maji ya Ghuba ya Fonseca ni mali ya pamoja ya nchi tatu, Nicaragua ikiwemo.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga