Njia ya Materuni ikarabatiwe Februari, si baada ya masika

Mhariri,

Njia ya miguu iendayo maporomoko ya Materuni, Uru Mashariki, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, inakatiza vihamba (mashamba ya nyumbani ya Wachaga) vya kahawa na migomba. Njia ya aina hii ikichimbika, lawama huwaangukia wageni. Nyayo zinachangia, lakini mharibifu mkuu ni maji. Yakishaingia kwenye kijia cha mteremko na kukosa pa kutokea, hushuka nacho, huzoa udongo, na masika moja tu yanatosha kugeuza kijia kuwa korongo.

Ndiyo maana tunapinga rai ya kumwaga zege. Kwenye kivuli na unyevu zege huota ukoga na kuteleza kuliko udongo, na maji huchimba kandokando yake mpaka linabaki limening'inia na kupasuka.

Kinachohitajika ni makingamaji, yaani vizuizi vya kuyatoa maji nje ya njia. Kwanza njia ilazwe kidogo upande wa bondeni: sentimita 5 kwa kila mita moja ya upana zinatosha, mtu hazisikii mguuni. Penye mteremko mkali, mawe yapangwe kukatiza njia kwa mshazari wa nyuzi kama 45. Yakipangwa moja kwa moja, maji husimama, hutua tope, kisha hupita juu yake. Kila jiwe lizikwe theluthi mbili, vinginevyo litang'oka kwa kukanyagwa. Kati ya kingamaji moja na jingine ziwe mita 15 hadi 20, na pakali zaidi mita 5 hadi 8. Mchirizi wa kutolea maji uvuke ukingo wa njia kwa mita moja au zaidi, uishie kwenye majani au mawe. Kamwe usielekezwe kwenye kahawa ya jirani. Ugomvi wa namna hiyo huua ushirikiano wote.

Mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga wa kumwagilia mashamba, nao una hatari yake. Unapokatiza njia, wapitao hukanyaga kingo zake mpaka zinabomoka, na maji ya shamba yanahamia njiani. Mawe mapana mawili au ubao mnene wa kuvukia vinamaliza tatizo hilo.

Njia za mkato kwenye kona huwa mifereji mipya ya maji, kwa kuwa zinashuka wima. Kibao cha "Usipite" hakisaidii sana. Zibeni juu na chini kwa matawi, kisha pandeni masale, mmea ambao Wachaga huutumia kuonyesha mpaka. Mchaga anajua maana yake, na mgeni ataona ua. Pale udongo ulipokwisha kuhama, majani ya Guatemala yanaushika vizuri, na ng'ombe watapata malisho.

Waongozaji wawafundishe wageni kupita katikati ya tope, mmoja nyuma ya mwingine. Kila anayelikwepa hukanyaga majani ya pembeni, na njia ya mita moja inakuwa ya mita tatu. Viatu viwe vya soli yenye meno. Na maji ya maporomoko yakibadilika ghafla kuwa ya kahawia, watu watoke bwawani mara moja hata kama juu yao kuna jua, kwani mvua imenyesha mlimani.

Tunaomba sehemu ya kiingilio cha wageni ilipe vijana wa kijiji kufanya kazi hii Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza. Kisha mmoja wao apite na jembe baada ya kila mvua kubwa kuzibua michirizi, maana kingamaji lililoziba hurudisha maji yote njiani kwa mkupuo.

Wadau wa utalii wa vijijini,
Moshi