Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: msimtafute mchawi, mtafuteni aliyemtaja

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga, nimelelewa kijijini na bibi yangu mzaa mama, na kilichonifanya niandike ni huyo bibi ambae sasa hivi analala kwenye chumba cha kupanga mjini kwa mjomba wakati ana nyumba yake, ana majaruba yake ya mpunga na miembe aliyoipanda kwa mkono wake. Aliondoka usiku na kanga mbili. Jirani alifiwa na mtoto, homa ya siku tatu tu, wakaenda kwa mganga kupiga ramli, mganga akawaambia aliyemla mtoto ni mama mtu mzima, mjane, anakaa upande wa jua linapozama, ana macho mekundu. Jina hakutaja. Hana haja ya kutaja jina Mheshimiwa, upande ule mjane ni mmoja, na wale wakitoka pale kwake wanajua wanaenda nyumba ipi.

Na hayo macho mekundu naomba niyaseme maana watu wanakufa kwa ajili yake. Kwetu miti imeisha, kuni ni shida, kinamama wanapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, mtu anainama kwenye mafiga miaka hamsini jikoni hamna hata dirisha, moshi wote unaishia machoni. Kila bibi kwetu ana macho mekundu. Basi miaka nenda miaka rudi Usukumani wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa alama hiyo, na mara nyingi ukifatilia unakuta nyuma yake kuna shamba au ng'ombe ambao mtu anawataka.

Tulienda polisi. Kituo sikitaji. Tukaambiwa mambo ya uchawi hayana ushahidi, bibi akishambuliwa ndo mje. Yaani akishakatwa. Nimeizungusha hiyo kauli kichwani mwaka mzima, na naona kosa lipo hapo hapo, kwamba kila ikisikika neno uchawi serikali inaanza kubishana kama uchawi upo au haupo, alafu ikiona haiwezi kuthibitisha inakaa pembeni. Hakuna aliyewaomba mthibitishe uchawi! Ramli ina ushahidi wote. Ilipigwa siku fulani, nyumba fulani, mbele ya watu watano, wakatoa hela, na maneno yaliyosemwa wanayakumbuka neno kwa neno mpaka leo. Hiyo ndo kesi yenyewe.

Na sheria ipo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ya tangu mwaka 1928 enzi za Mwingereza, inakataza mtu kumtaja au kumwonyesha mwenzake kuwa ni mchawi, isipokuwa anapotoa taarifa kwa wenye mamlaka. Kumwonyesha, sio kumtaja jina tu, kwahiyo yule mganga na maneno yake ya jua linapozama yumo humo humo. Lakini sheria hiyo hiyo inampa Mkuu wa Wilaya nguvu ya kumchunguza anayeshukiwa uchawi na kumwamuru akakae sehemu nyingine. Sasa ona ilivyo, aliyenyooshewa kidole anaweza kuhamishwa kwa amri ya serikali, na aliyenyoosha kidole anaendelea kupokea wateja. Hicho kipengele naomba kifutwe, kabisa.

Sisemi waganga wote wafungwe. Baba yangu alivunjika mguu akaungwa na mzee mmoja wa kijiji cha pili, hakupiga ramli wala hakumsema mtu, alijua mifupa na majani basi. Ndo maana zile amri za kupiga marufuku waganga wote hazijawahi kunikaa. Januari 2009 Waziri Mkuu alitangaza kuwafutia leseni kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, Januari 2015 wizara yako ikatangaza tena marufuku, mwezi wa tatu wakakamatwa zaidi ya mia mbili. Kwetu 2015 nakumbuka vibao viling'olewa barabarani, simu zikaendelea kupokelewa, baada ya muda vibao vikarudi. Na mwaka 2024 kule Muleba, Kagera, tumezika mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu aliyeuawa. Ukimkamata muunga mifupa pamoja na mpiga ramli, wanakijiji wanawaficha wote wawili.

Usajili nao upo, tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002, kuna Baraza na kila wilaya ina mratibu. Ila kwa nilivyoona mimi cheti kikishatundikwa ukutani hakuna anayerudi kuangalia kinachofanyika chini ya hicho cheti, mgonjwa anaona mhuri wa serikali anajua hata ramli ina mhuri. Kwenye cheti iandikwe kwa herufi kubwa kwamba mwenye cheti hiki haruhusiwi kupiga ramli wala kumwonyesha mtu, na akifanya hivyo anapoteza cheti na anapelekwa mahakamani.

Kuna na hawa wasaka wachawi, kamchape, lambalamba, kila mkoa na jina lake, Kigoma na Katavi wanawajua vizuri. Hao wanaitwa na kijiji, kaya zinachangishwa, wanaingia nyumba za watu wanachimba na kutoa mapembe wakisema ndo uchawi wenyewe. Hawawezi kuingia kijijini bila viongozi kujua. Mwenyekiti na mtendaji waliowapokea ndo wawe wa kwanza kuhojiwa.

Ninachoomba hasa ni kitu kimoja. Familia ikija kituoni ikasema mzee wetu ametajwa kwenye ramli, askari afungue jalada siku hiyo hiyo, amfate mpiga ramli, na yule mzee apate ulinzi nyumbani kwake, asihamishwe yeye. Kuwapata sio kazi, wanabandika namba zao kwenye nguzo za umeme nchi nzima na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole.

Bibi kila jioni anauliza nani analinda mpunga wake. Mganga hajahama, kibao chake kipo njia panda, namba yake nimeiandika na majina ya waliokuwepo siku ya ramli ninayo. Nikiitwa nakuja.