Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Likizo Ndefu Hii, Tuachie Hosteli Moja

Shikamoo, Profesa.

Tangazo limeshabandikwa mlangoni kwa mlezi wa hosteli. Linasema kila mwanafunzi awe ametoa vitu vyake na kurudisha ufunguo kabla ya saa kumi jioni, siku inayofuata mtihani wake wa mwisho. Ni karatasi ile ile ya mwaka jana. Hata neno "ufunguo" lililochapwa "ufunguzi" halijasahihishwa. Kilichobadilika ni mwaka tu. Wa mwaka wa kwanza wanalisoma wakicheka. Sisi wa mwaka wa tatu tunalisoma huku tukihesabu nani ana ndugu mwenye sebule.

Mimi ni mmoja wa wanaohesabu. Nasoma uhandisi, na nyumbani ni Kasulu. Kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kigoma mjini kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na ukishuka hapo Kasulu bado. Treni ya umeme imetusaidia hadi Dodoma, lakini baada ya Dodoma unarudi kwenye basi, magoti kidevuni. Hata hivyo, nauli ingekuwa bure nisingekwenda. Uhandisi una field, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, kila likizo ndefu, wiki nane, na karakana, viwanda na majengo yanayojengwa yamejaa hapa Dar. Chuo ndicho kinachotuambia tubaki. Kisha chuo hicho hicho kinatufungia mlango.

Labda ofisi yako haijawahi kuelezwa jinsi chumba kinavyopangwa mjini, maana wanaojua ni sisi na madalali. Mwenye nyumba wa Manzese au Sinza hataki kusikia habari ya miezi miwili. Anataka kodi ya miezi sita, mwenye huruma anataka ya mitatu, na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Mimi nahitaji siku 56. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, hukatika siku muhula unapoisha, na hela ya field, kwa tulio na mkopo, inatakiwa itoshe nauli, chakula cha mchana, buti na overoli. Ukiitoa kodi humo, hakuna kinachobaki.

Mwaka jana tuliishi watu watano kwenye geto la rafiki yetu Kimara. Chumba kimoja, kigodoro kimoja, mikeka miwili. Aliyeingia wa mwisho alilala mlangoni, na aliyelala mlangoni ndiye aliyeamka wa kwanza, kwa sababu kila aendaye chooni lazima amruke. Field yangu ilikuwa karakana moja upande wa Kurasini. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni nagombania Mwendokasi, saa mbili kamili natakiwa niwe nimeshavaa overoli. Kitabu cha field nilikijaza usiku kwa tochi ya simu, maana LUKU ilikuwa inaisha katikati ya wiki, na kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake kwa nini zamu ya kununua si ya kwake. Mkufunzi aliyekuja kunikagua alisema mwandiko wangu umeharibika. Nilimjibu ndiyo, mwalimu.

Jumamosi moja ya Agosti nilikuja chuoni kugongewa muhuri. Hosteli yetu ilikuwa na watu! Kulikuwa na kongamano. Wageni wamelipia vitanda, khanga zimeanikwa kwenye kamba zetu, na maji yanatoka hadi ghorofa ya tatu, jambo ambalo muhula mzima sisi tulilisikia kama hadithi. Katika chumba nilichoambiwa kinafungwa kwa matengenezo, mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kitanda changu anamenya chungwa. Alinisalimia vizuri, akanikaribisha kipande. Nilikula.

Profesa, sina ugomvi na kongamano. Kukodisha vyumba vya wanafunzi wakati wa likizo ni jambo linalofanywa na vyuo vingi duniani. Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere kuanzia 1949 hadi 1952, hupangisha mabweni yake wageni wakati wa kiangazi, Agosti mji unapofurika kwa tamasha la sanaa. Pesa ni pesa, na chuo kina mabomba ya kulipia. Ila siku ile nilijibiwa maswali yote niliyokuwa nikiyauliza tangu mwaka wa kwanza. Maji yapo. Umeme upo. Wafagizi wapo, mlinzi yupo getini. Kumbe hosteli inaweza kufunguliwa Agosti. Kilichobaki ni kuamua inafunguliwa kwa ajili ya nani.

Ninachoomba ni hosteli moja tu. Tulipe kwa siku, tulipe kabla ya kuingia, na majina yatoke ofisi ya field, ambako barua zetu zote za kupokelewa zimepangwa kwenye faili. Asiye na barua ya field wala mtihani wa sup, ule wa kurudia somo uliloanguka, asipewe ufunguo. Najua utakumbushwa habari ya kubebana, kwamba tukipewa chumba cha watu wanne tutalala wanane. Kubebana kunatokea katikati ya muhula kwa sababu vitanda havitoshi. Agosti ni vitanda vinavyotafuta watu. Kuhusu matengenezo, mwaka jana fundi wa rangi alipaka ghorofa moja kwa wiki mbili, na aliianza nyingine baada ya kuimaliza ile. Anaweza kututangulia ghorofa kwa ghorofa nasi tukahama na ndoo zetu. Na mlezi wa hosteli apewe likizo yake. Anaamshwa usiku mwaka mzima kwa ajili ya funguo zilizopotea na wasichana wanaoumwa. Hakuna mwanafunzi mwenye haya atakayemwomba abaki. Wapo wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaoishi hapa hapa, wazima na wenye akili za kutosha kushika daftari la kuingia na kutoka.

Nikitaja sup nataja lililonipata mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliangukia sup ya hesabu, na mtihani wake ulikuwa Septemba. Maktaba wakati wa likizo ilikuwa inafungwa saa tisa na nusu alasiri, Jumamosi haifunguki kabisa. Mtu wa field anatoka kazini saa kumi, wengine saa kumi na moja. Kwa hiyo kwetu maktaba haikuwepo. Nilisomea kwenye kimbweta, meza ya zege ya nje, hadi jua linazama, baada ya hapo chini ya taa ya baa moja ambayo mwenyewe alinivumilia kwa sababu nilikuwa nanunua soda moja kwa jioni nzima. Sup niliifaulu, na hadi leo nikisikia muziki wa dansi nakumbuka kanuni za kuintegreti. Jioni mbili kwa wiki zingetosha, Profesa. Jumanne na Alhamisi hadi saa tatu usiku, chumba kimoja cha chini, mkutubi mmoja.

Zahanati nitaisema kwa kifupi. Bima ya NHIF tunailipia shilingi 50,400 kwa mwaka. Kadi inafanya kazi miezi kumi na miwili, zahanati yetu inafanya miezi tisa. Mwenzetu mmoja alishikwa na malaria mwezi wa nane, tukampakia kwenye bajaji usiku kwenda hospitali ya mbali huku zahanati yetu tumeiacha nyuma, kufuli mlangoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, nikiri, linaniuma kuliko chumba.

Marekani baadhi ya wanafunzi hubaki chuoni kiangazi. Wapo wanaosoma masomo ya ziada, wapo wanaofanya kazi za chuo chenyewe na kulipwa: kupaka rangi mabweni, kupokea wageni, kusaidia maabara. Likizo yao huja na joto na yetu huja na kipupwe, upepo wa kusi unavuma na hata Dar unatafuta shuka la pili, lakini kazi haichagui majira. Likizo ndefu ndio wakati chuo chetu kinaposhona nguo zake zilizochanika. Madawati yanachomelewa, mabomba yanabadilishwa, feni za kumbi zinashushwa. Na anayefanya hayo yote ni fundi kutoka nje.

Fikiria hili, Profesa. Mwezi wa tano tulizunguka Posta nzima na bahasha za khaki tukiomba nafasi za field. Mimi nilipeleka barua kumi na nne, nikajibiwa mbili. Wapo wenzetu ambao hadi wiki ya kwanza ya field hawakuwa na pa kwenda, wakaishia kwenye ofisi zinazowatuma kununua vocha na chapati. Wiki hizo hizo, mtaro wa nyuma ya kantini ulikuwa unachimbwa upya. Chuo kinachofundisha uhandisi wa maji kilimwita fundi wa mtaani kuziba bomba, huku wanafunzi wake wa maji wako mjini wanabembeleza mtu awaonyeshe bomba. Fundi yule simlaumu, alikuwa hodari. Nilisimama nikamwangalia dakika ishirini, nikajifunza namna ya kuunga bomba la plastiki na la chuma bila kuvuja, kitu ambacho darasani kilipita ubaoni kwa mstari mmoja. Nilitamani kumshikia zana siku nzima. Nilikuwa na muhuri wa kufuata.

Karakana yetu nayo ilikuwa imefungwa. Nilichungulia dirishani: mashine za kukereza zimefunikwa turubai, jiko la kuyeyushia limepoa, na fundi sanifu wetu, ambaye analipwa mshahara wa Agosti kama wa Machi, amekaa nje kivulini anasoma gazeti. Si mvivu yule bwana, hakuwa na wanafunzi. Nafasi kumi na mbili za field ndani ya chuo, chini yake, zingetosha kutengeneza kila dawati lililovunjika, na chuo kingebaki na fedha ya fundi wa nje kwa yale magumu kweli, kama lifti.

Usajili wa mwaka wa kwanza ni vivyo hivyo. Kila mwaka chuo kinafunguliwa na foleni inayozunguka jengo la utawala mara mbili, watoto wametoka Katavi na Mtwara na matranka, hawajui ofisi ya fedha iko wapi. Tuliobaki Dar tunazijua ofisi zote, pamoja na zile ambazo mhudumu wake hupatikana kantini. Tulipeni kidogo, au tuandikieni barua ya utambuzi tu, tuingize majina kwenye mfumo wiki mbili kabla, tusimame njia panda na kuelekeza wageni.

Lipo na la majirani. Kidato cha nne wanaingia mtihani wa taifa Novemba. Septemba wanaranda mitaani wakitafuta tuisheni, nasi tuna kumbi tupu zenye ubao na umeme. Jumamosi asubuhi, ukumbi mmoja, wanafunzi wa fizikia na hesabu wanaojitolea. Mlinzi wa geti la nyuma ana binti wa kidato cha nne. Ndiye aliyeniambia nililete hili kwako, na nimemwahidi kwamba nitaliandika. Uwanja wa mpira nausamehe. Tunapitia pengo la ua kucheza ndondo, na nadhani unajua.

Wataalamu watakuambia bajeti ya likizo haipo. Bajeti ya kongamano ilitoka wapi? Kitanda alicholala yule mama wa chungwa kililipiwa, na sehemu ya fedha ile ingeweza kubeba bili ya umeme ya chumba kimoja cha maktaba jioni mbili kwa wiki. Na sisi hatujaomba bure.

Nitakuwa na mtihani wangu wa mwisho tarehe 17 Julai. Kwa mujibu wa tangazo, tarehe 18 saa kumi jioni natakiwa niwe getini na tranka. Kama jibu la ofisi yako ni hapana, naomba lije mapema, hata kwa kubandikwa pembeni ya lile tangazo. Mama yangu kule Kasulu ametoa maharage shambani. Sasa hivi bei iko chini kwa sababu kila mtu amevuna. Akisubiri kidogo itapanda. Juzi alinipigia kuuliza kama ayauze hivyo hivyo nipate kodi ya chumba, au angoje. Nimemwambia, mama, ngoja kwanza, kuna barua naiandika.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Uhandisi
Dar es Salaam