Begi la magoti na klinchi, soma hii kabla hujatoa hela

Mambo vipi mwanangu,

Meseji yako niliipata juzi nikaona nisikujibu kwa mistari miwili mana swali lenyewe zito, umeniuliza ufunge begi gani la mazoezi hapo uani kwenu Tanga la kupigia magoti na viwiko na kufanyia klinchi, ile ya kumkamata mtu shingo kwa karibu, sasa tulia uisome yote mana hela unayoenda kutoa sio ndogo na mi nataka ikurudie kwenye ulingo.

Nianze na msimamo wangu kabisa. Chukua begi la umbo la tone, lile lenye shingo nyembamba juu na tumbo kubwa chini. Najua macho yako yako kwenye lile refu la karibu mita 1.8 ambalo Wathai wanalipiga mpaka linakaribia kugusa sakafu, na kweli lile ndo begi mama la Muay Thai, ule mchezo wao wa ngumi, mateke, magoti na viwiko, ungekuwa unaanza sifuri na unataka kitu kimoja cha kila kazi, mateke ya mapajani, ya mbavu, ngumi, magoti, ningekwambia chukua hilo hilo na nisingeongeza neno. Ila we mateke unapiga kwa kocha kwenye pedi kila wiki, unachokosa nyumbani ni kazi ya karibu, na kwa kazi ya karibu begi refu lina shida yake, limenyooka tu, unene wa juu ndo unene wa chini. Ukilishika hakuna shingo. Unaishia kulibana kifuani kama gunia la mkaa, wakati klinchi yenyewe viganja vinatakiwa vikutane nyuma ya kichwa cha mtu, viwiko vimembana mbele, alafu unamvuta ashuke ndo goti linapanda. Kwenye begi la tone ile shingo unaikamata hivo hivo kabisa, na tumbo lake linakaa pale pale penye mbavu na tumbo la mpinzani, goti linaingia kutokea chini bila mguu kukwama, na ukilisukuma linarudi kwenye nyonga zako kwa hiyo inabidi ulipokee, ulitulize, uvute tena. Hapo ndo unajifunza taimingi, mana mtu wa kweli nae hasimami akakungoja.

Mtafute kwenye video Dieselnoi Chor Thanasukarn, bingwa wa zamani wa Muay Thai, umwangalie taratibu, jamaa mrefu sm 188, mwembamba, silaha yake kubwa magoti, Desemba 1982 alimshinda Samart Payakaroon kwa pointi, na huyo Samart sio mtu mdogo, 1986 alichukua mkanda wa dunia wa WBC, lile baraza la ngumi la dunia, kwenye ngumi za kawaida. Dieselnoi alitawala uzito wake pale Lumpinee, uwanja mkubwa wa Muay Thai kule Bangkok, Thailand, mpaka wapinzani wakawa hawapatikani. Ukimwangalia usiangalie goti peke yake, angalia mikono, anavuta kwanza, kiuno kinarudi nyuma, ndo goti linakuja na mwili mzima. Kwenye kambi za kule mazoezi ni asubuhi na jioni na mwisho wa mazoezi mtu anashika begi anapiga magoti mamia bila kuachia, mkono haushuki. Ndo mana nang'ang'ania hili la kushikika, begi usiloweza kulishika litakufundisha kupiga goti ila klinchi haitakufundisha, na goti bila klinchi mpinzani anarudi hatua moja tu umeshamkosa.

Viwiko navyo vinakaa vizuri humo. Kile cha kulala unakipiga shingoni, kile cha kushuka unakipiga pale begi linapoanza kutanuka, kuna mteremko mzuri sana pale. Kuna begi jingine, pana juu jembamba chini, tamu mno kwa apakati, ile ngumi ya kutokea chini, na kiwiko cha kupandisha, ila huna pa kushika, na ndo kitu ulichoniuliza, kwa hiyo liache kwanza. Na yale ya kusimama chini yenye kitako cha maji usiyaguse kabisa kwa kazi hii, ukilivuta linakuangukia na kitako chenyewe kinakaa pale pale unapotaka kukanyaga.

Sasa hela. Begi za Thailand kama Fairtex, Twins Special, Top King ni nzuri sana na nyingi unaweza kuzipata tupu, unajaza mwenyewe, ukimpata mtu anayekuja na mzigo muombe tupu mana kusafirisha kilo 45 za vitambaa ni kuchoma hela. Ila kwa kweli mi ningekushauri ushonewe hapo hapo. Tafuta fundi anayeshona viti vya magari, sio wa nguo, cherehani ya nguo haiwezi. Mchoree kabisa: urefu kama sm 90, tumbo upana wa sm 50 hivi, shingo juu sm 25. Nje aweke ngozi, au ile ngozi ya bandia nzito ya viti, ndani yake turubai la lori kama bitana ili lisivimbe na kupoteza umbo. Turubai lisikae nje, linakwangua viwiko mpaka ngozi inatoka na ukishapata kidonda kwenye kiwiko kupona ni shida mana kila ukikunja mkono kinafunguka. Mishono mwambie aipige mara mbili na igeukie ndani, na mdomo wa kujazia uwe juu sio ubavuni, sitaki uje upige goti kwenye zipu.

Kujaza ndo penye kazi na ndo watu wengi wanaharibu. Mchanga HAPANA. Mchanga unashuka chini, na kwenye tone chini ndo penye magoti yako, baada ya muda mfupi unapiga jiwe. Maranda nayo hapana, Tanga kuna unyevu wa bahari yatanyonya maji yagande yanuke. Jaza vitambaa. Belo moja la mitumba kwa kawaida ni kilo 45 na ndo uzito unaoutaka, ila usinunue belo zuri, zunguka kwa mafundi cherehani chukua vipande vyao na kwa wauza mitumba chukua zile zilizochanika, toa vifungo na zipu ZOTE, kata vipande vidogo vidogo. Kabla ya kumwaga zungushia ndani godoro kuukuu la sm 2 au 3. Alafu tia kidogo shindilia kwa mchi wa kinu, tia tena shindilia, usijaze lote ndo ushindilie juu mana katikati patabaki mashimo. Baada ya wiki kadhaa litashuka, ongeza. Hiyo kilo 45 kwa mtu wa uzito wako ni nzito ya kutosha lisikimbie kila ukigusa ila bado linaingia ndani goti likifika, likishinda kukubali goti hata kidogo umelishindilia kupita kiasi, punguza.

Kufunga, hapa naomba unisikilize kuliko pote. Begi la ngumi linabeba uzito wake na mtikisiko. Begi la klinchi linabeba uzito wake NA WEWE. Unapolivuta shingo ukining'inia na kilo zako 70 hapo boriti inabeba zaidi ya kilo 115 tena kwa kushtukizwa, mara mia kwa jioni moja. Kwa hiyo kenchi za bati hapana, zimeshikwa na misumari tu na misumari inalegea polepole we huoni, jimu moja huku begi lilishuka na kipande cha mbao juu yake, bahati nzuri aliyekuwa analipiga alikuwa kapumzika. Tafuta boriti ngumu au bomba nene la chuma lililochomelewa kwenye nguzo mbili, boliti ipite upande hadi upande na nati na washa nyuma, sio ya kukaza kwenye mbao tu. Kama unategemea ule mwembe wenu, tawi liwe bichi na nene kuliko paja, zungushia tairi la pikipiki chini ya mnyororo lisikatike gome, na begi ulitoe usiku mana mvua italimaliza. Kingine, mnyororo usianzie shingoni mwa begi, mikono na ngozi ya viganja vitaisha. Pale juu weka mikanda minne kama ile ya kufungia mizigo kwenye malori, ipande nusu mita ndo ikutane na mnyororo. Mnyororo upake grisi, chumvi ya bahari hapo kwenu haimuachi mtu.

Kimo chake: ukisimama mbele yake shingo ya begi ilingane na kidevu chako mpaka mabega, tumbo liishie chini ya kiuno. Likiwa juu sana utapiga magoti hewani.

Ukianza kulitumia nenda raundi 5 za dakika 3 na mapumziko ya dakika 2, kama pambano lenyewe la kule. Vidole vya mguu vitazame chini na kisigino kiende matakoni ili goti liwe na ncha, na usimamie kidole cha mguu mwingine kiuno kitoke. Kiwiko piga kwa ule mfupa wa ncha, ukikosea ukapiga na upande wa ndani neva iliyopita pale itakupiga shoti mpaka kidole cha mwisho. Wiki za mwanzo vaa pedi za viwiko, sio aibu, hata mashindano ya ridhaa ya IFMA, shirikisho la dunia la Muay Thai, wanavaa.

Jambo moja muulize kocha wako mapema, pambano lako litaenda kwa sheria zipi. Kama ni za K-1, yaani kickboxing, viwiko haviruhusiwi na klinchi refa anaivunja haraka, hapo mpangilio wa raundi zako utabadilika, goti moja kali alafu unatoka. Kama ni Muay Thai kamili bas kaa na hilo begi mpaka mikono iwake moto.

Kabla hujamlipa fundi nipigie picha ya hapo unapotaka kulifungia, ya chini na ya juu, nione boriti yenyewe. Na uniambie fundi kasema bei gani, tusije tukapigwa. Nisalimie bi mkubwa na wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako, Dar