Skuta ikishindwa mlima, tazameni rola kabla ya kufungua injini

Ndugu Mhariri,

Skuta zinazotoka Dar es Salaam kuja kuuzwa Mbeya, Njombe na Makete hufika huku na rola zilezile za pwani, yaani vizito vidogo vya mviringo ndani ya puli vinavyobadilisha gia. Mnunuzi akiipandisha barabara ya Tukuyu kutokea Uyole, tena amepakia mtu, skuta inanguruma kwa sauti nzito na mwendo unakatika. Anaambiwa injini imechoka. Silinda inafunguliwa, ringi zinabadilishwa, fedha inalipwa, na skuta inarudi barabarani na unyonge uleule, kwa sababu ringi hazikuwa na kosa lolote.

Hewa ya Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia 15. Njombe, karibu mita 2,000, upungufu unafika asilimia 18, na ukipanda Kitulo, mita 2,600, ni kama 23. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho hata ikiwa mpya. Nguvu hiyo hairudishwi na fundi yeyote. Kinachowezekana ni kuiacha injini izunguke pale ilipo na nguvu zake zilizobaki, na hiyo ni kazi ya puli na rola.

Ukifungua kava la kushoto utakuta puli mbili na mkanda. Ndani ya puli ya mbele, ile iliyofungwa kwenye krenki, yaani mhimili unaozungushwa na injini, kuna rola sita zilizolala kwenye mifereji inayopanda kuelekea ukingoni. Krenki ikizunguka kasi, rola hutupwa nje, hupanda mifereji hiyo na kuusukuma uso mmoja wa puli uusogelee mwenzake. Mkanda unabanwa, unapanda juu, na gia inakuwa nzito. Puli ya nyuma ina springi kubwa inayopingana na hilo. Rola nzito huwahi kushinda springi: gia inakuwa nzito wakati injini bado iko kwenye mizunguko ya chini. Pwani injini ina nguvu ya kubeba gia hiyo. Mbeya haina, hivyo inazama.

Tuchukue injini ya GY6 ya cc 125 au 150, ile ya Kichina iliyojaa nchini. Rola zake ni za milimita 18 kwa 14, na nyingi huja na uzito wa kati ya gramu 11 na 13. Nguvu yake kubwa iko karibu na mizunguko 7,500 kwa dakika. Funga kipima mizunguko, hata kile cha bei ndogo kinachozungushwa waya kwenye kebo ya plagi. Pasha injini moto dakika kumi, kisha panda kilima kimoja kirefu mkono wa mafuta ukiwa umefika mwisho. Kipimo kikisimama kwenye 6,000 au 6,500 na mwendo hauongezeki, rola ni nzito kwa mahali hapo.

Hesabu yake si ngumu. Ukitoa gramu moja kwenye rola ya gramu 12, injini inayosimama kwenye 6,500 itapanda kwa karibu mizunguko 300. Kwa Mbeya mjini anza na gramu 10.5 hadi 11, kwa Njombe 10 hadi 10.5, na Makete usiogope 9.5. Kama dukani hakuna uzito wa katikati, changanya: tatu za gramu 12 na tatu za gramu 10, ukizipanga moja nzito moja nyepesi kuzunguka puli, nazo zitafanya kazi kama seti ya gramu 11. Ukiweka nzito zote upande mmoja, puli itatetema mpaka beringi ya krenki ilie. Na msiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti. Rola za bei rahisi hupishana hata nusu gramu ndani ya seti moja. Zipelekeni kwa sonara, au kwa wanunuzi wa dhahabu wa Chunya, mzipime mojamoja.

Mtajuaje mmepitiliza? Injini itapita 8,000 mlimani huku mwendo ukibaki palepale, na kwenye tambarare skuta itapiga kelele nyingi bila kukimbia. Hapo rudisheni nusu gramu.

Kabla ya kununua rola mpya, zitazameni za zamani. Rola iliyokaa muda mrefu huliwa upande mmoja ikawa bapa, na ikiwa bapa haibingiriki, inaburuzika na kukwama katikati ya mfereji. Skuta hiyo itachelewa kuondoka leo na kesho itaruka, bila mpangilio. Tazameni pia mkanda. Wa GY6 nyingi ni 743-20-30 au 842-20-30, kutegemea urefu wa kava, na namba ya katikati ni upana: milimita 20. Mkanda uliolika milimita moja na zaidi hukaa ndani zaidi kwenye puli na kuharibu vipimo vyote. Kupima rola kwa mkanda wa namna hiyo ni kujisumbua.

Sasa kufunga, maana hapa ndipo tunapoona vyuma vingi vikifa. Puli ya mbele inabanwa na nati moja. Fundi anarudisha mkanda, anaweka uso wa nje wenye feni, anakaza nati mpaka anasikia imegoma. Haikugoma kwenye chuma. Imegoma kwenye mkanda uliobanwa katikati ya nyuso mbili. Kilomita chache baadaye mkanda unajipanga, nati inabaki haijashika kitu, uso wa nje unacheza, na meno ya krenki yanasagika kama unga. Krenki mpya inataka injini yote ifunguliwe. Dawa yake ni ya mikono miwili: puli ya nyuma ifunguliwe kwa nguvu za vidole, mkanda uzamishwe ndani kabisa, ili mbele ulegee na kulala chini kwenye bomba la katikati, lile linalovishwa krenki kati ya nyuso mbili za puli. Uso wa nje ukae mpaka ushike meno ya krenki na uguse bomba, ndipo nati ikazwe kwa Nyutoni-mita 55 hivi. Ukimaliza, shika mkanda mbele. Kama hauna ulegevu, fungua urudie. Na wale wanaochomeka bisibisi kwenye mapanga ya feni ili puli isizunguke, tafadhali. Mapanga yale ni ya alumini, na panga moja likikatika uzito wa puli umeharibika. Kishikio cha puli ni chuma bapa chenye misumari miwili, mchomeleaji yeyote anakitengeneza.

Rola na mifereji yake kwenye injini hizi hukaa mikavu. Grisi huyeyuka kwa joto, hurukia mkanda, na mkanda unateleza.

Springi za klachi na springi kubwa ya nyuma ziacheni kwanza. Springi kali ya nyuma inasaidia tu pale mkanda unapoteleza kweli. Vinginevyo inaula mkanda na kuinyima skuta mwendo.

Kabureta nayo ina lake. Hewa ikipungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi na moshi unanuka. Jeti kubwa, kitundu kinachopitisha petroli, ikiwa ya 105 ikishushwa hadi 102 au 100 inatosha kwa Njombe. Kung'oa ea klina, ambako wengi hukimbilia, kunaingiza vumbi la Makete ndani ya silinda, na hapo ndipo ringi zinapokufa kweli. Skuta za injeksheni hujirekebishia petroli zenyewe, lakini kompyuta yake haigusi rola. Zinahitaji kupunguzwa uzito kama nyingine.

Jambo hili si uganga wetu. Kwenye milima ya Colorado, Marekani, wenye pikipiki za thelujini hutumia klachi ya aina hiyohiyo ya puli na mkanda, nao hupunguza uzito wa vyuma vyake kadiri wanavyopanda. Watengenezaji wa mashine hizo hutoa jedwali linaloonyesha uzito wa kila kimo. Sisi tunauziwa skuta bila hata karatasi inayosema rola zake ni gramu ngapi. Waagizaji wangeweka seti ya pili ya rola ndani ya boksi kwa skuta zinazokuja mikoa ya juu, ingekuwa gharama ndogo mno ukilinganisha na silinda moja iliyofunguliwa bure.

Nanyi mnaobadili, rola mlizotoa zifungeni kwenye mfuko, mwandike uzito na namba ya skuta. Siku skuta ikiuzwa tena Dar na rola za gramu 10, itapiga kelele kama cherehani njia nzima na kunywa petroli, na huyo mnunuzi naye ataambiwa afungue silinda.

Mafundi wa skuta,
Uyole, Mbeya