Barua ya wazi kwa Waziri wa Wanyamapori: uwindaji wa haki uwekewe vipimo

Mheshimiwa Waziri,

Kanuni nyingi za uwindaji husema mnyama mkubwa awindwe kwa haki, kisha huishia hapo. Askari wa wanyamapori anabaki hana cha kupima. Msingi wenyewe ni wa siku nyingi: klabu ya Boone and Crockett, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, inataka mnyama awe huru porini na mwindaji asijipe upendeleo usiostahili. Tunakuomba uugeuze msingi huo kuwa vipimo ndani ya leseni.

La kwanza na zito ni umbali. Risasi ya bunduki yenye nguvu huchukua zaidi ya sekunde moja kufika mita 900. Katika muda huo swala anayekula hupiga hatua, na risasi iliyolengwa nyuma ya bega humwingia tumboni. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza zaidi ya mita moja, ilhali moyo na mapafu ya swala wa wastani huchukua eneo lenye upana wa kama sentimita 25 tu. Tena mnyama aliye mbali kiasi hicho hasikii, hanusi wala haoni lolote la kumtahadharisha. Mpigaji hodari wa shabaha hubishana nasi hapa, lakini uhodari wake hausimamishi hatua ya swala. Tunapendekeza kikomo cha mita 300, isipokuwa kwa kummalizia mnyama aliyekwisha kujeruhiwa.

Kamera zinazotuma picha kwenye simu papo hapo, na droni, zipigwe marufuku msimu mzima. Mifano ipo katika majimbo ya Marekani: Arizona ilikataza kamera za porini kwa ajili ya kuwinda kuanzia Januari 2022, na Alaska humzuia aliyeruka kwa ndege ndogo kuwinda wanyama wengi wakubwa hadi saa 9 usiku wa kuamkia siku inayofuata.

Kuhusu uwindaji ndani ya uzio, msitazame hekta peke yake. Simba aliyelelewa kwa chupa hamkimbii binadamu hata eneo liwe kubwa namna gani. Leseni ya kumwinda mnyama wa namna hiyo isitolewe kabisa.

Wanyama majeruhi ndio wanaosahaulika zaidi. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu. Mnyama hayuko mbali. Ikichanganyika na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na ukimkimbilia atainuka na kwenda kilomita kadhaa, halafu nyayo zinapotea kwenye ardhi ngumu. Swala wa aina hiyo husubiriwa saa kadhaa kabla ya kufuatwa. Kusini mwa Afrika ni desturi mteja kumlipia mnyama aliyetoka damu hata asipopatikana. Malipo hayatoshi: mnyama huyo akatwe pia kwenye mgao wa kitalu, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa katika eneo hilo, na fomu ya uwindaji iwe na safu ya umbali wa risasi, alama za damu na saa zilizotumika kumfuatilia, ijazwe siku hiyohiyo na kutiwa saini na askari aliyeandamana na mwindaji.

Wako,
Waongozaji wa uwindaji na wafuatiliaji nyayo